Kuingia chuo cha uuguzi kwa cheti cha kidato cha nne: mwongozo kamili kwa waombaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kila mwaka mkeka wa waliochaguliwa ukitoka, simu yangu hulia mfululizo, na matatizo ni yaleyale. Mwenye D nne hakujua kwamba mojawapo ilitakiwa iwe ya Fizikia. Mwenye sifa zote kaomba vyuo vitatu vya mjini, vyote vimejaa. Mwingine alichaguliwa na hakujua, maana ujumbe uliingia kwenye simu ya mtu wa steshenari.

Hawa si wazembe. Wameomba kwa kubahatisha kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaonyesha njia. Mimi ni muuguzi. Niliingia kwa cheti cha kidato cha nne, bila kidato cha sita wala digrii, na kila msimu wa udahili hukaa na vijana wa kwetu Uyole, Mbeya, tukiomba pamoja. Haya ndiyo ninayowaambia.

## Kwanza, hilo tangazo la uuguzi wa haraka

Wengi hunitumia picha ya tangazo la Marekani: uwe muuguzi kwa miezi 12 hadi 18. Programu hizo zipo kweli, ila zimewekwa kwa mtu mwenye digrii ya fani nyingine. Masomo ya jumla ameshayamaliza, kwa hiyo anabaki na uuguzi peke yake. Asiye na digrii, hata hukohuko Marekani, hupita njia nyingine: anasoma miaka miwili hivi katika chuo cha jamii, anafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-RN, kisha anaifuata digrii akiwa kazini.

Njia yetu inafanana na hiyo ya pili. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga huchukua miaka 3 kutoka kidato cha nne, kupitia ngazi za NTA (ngazi rasmi za tuzo za elimu ya ufundi) za 4, 5 na 6, mwaka mmoja kwa kila ngazi. Atakayekuahidi kukufanya muuguzi kwa miezi sita au mwaka mmoja anakuuzia kozi nyingine. Uhudumu wa afya, kwa mfano, ni kazi ya heshima na wodi haziendi bila wahudumu, lakini cheti chake hakikupi leseni ya uuguzi.

Anayeweza kufupisha kwa haki ni yule aliyekwisha kusoma uuguzi hadi astashahada, yaani cheti kilicho chini ya stashahada. Huyo huendelea kutoka alipofikia. Nitamrudia mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kompyuta

- Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na mwaka uliofanya. Kama ulirudia mtihani, namba zote mbili ziwe mezani.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Tangazo la kuzaliwa la hospitali halitoshi.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kama umetimiza miaka 18.
- Laini ya simu utakayokuwa nayo mwaka mzima, si ya kuazima.
- Barua pepe yako mwenyewe.
- Picha ndogo za pasipoti.
- Kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu cha NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo usimlipe mtu akuuzie.
- Daftari moja la kuandikia kila neno la siri, kila namba na kila tarehe.

## Hatua ya 1: Yasome matokeo yako kama chuo kinavyoyasoma

Chuo cha uuguzi hakianzi na divisheni. Kinatafuta ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima yawemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Ufaulu ni kuanzia D, yaani alama 30 kwenda juu.

Hapo ndipo watu huumia. Kijana mwenye divisheni ya tatu, aliyeng'ara kwenye Historia, Kiswahili na Jiografia, lakini ana F ya Fizikia, hana sifa. Mwenzake wa divisheni ya nne mwenye D ya Biolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Kiswahili anazo. Somo la dini, hata ukipata A, halihesabiki kwenye hayo manne.

Hisabati na Kiingereza huandikwa kuwa ni sifa ya ziada, na wengi wakisoma hivyo wanayapuuza. Usiyapuuze. Siku ukitaka kusoma digrii ya uuguzi kwa kutumia stashahada yako, vyuo vikuu vitarudi kuangalia D zako za kidato cha nne, na Hisabati na Kiingereza vitakuwemo.

Fizikia ina kazi gani wodini? Nikupe mfano mmoja. Daktari ameandika lita moja ya maji ya dripu iingie kwa saa 8. Mpira ulio nao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya, utapata kama matone 42 kwa dakika. Unasimama pale kitandani, saa mkononi, unahesabu matone na kukaza kidude cha mpira hadi yafike 42. Yakienda mbio, mgonjwa wa moyo anaweza kujaa maji kwenye mapafu usiku huohuo. Ndiyo maana hawaachi D hizo zipite hivihivi.

Sasa andika masomo yako manne kwenye daftari. Kama matatu ya sayansi yamo na la nne si la dini, ruka Hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Ukipungukiwa, rudia somo hilo tu

Huhitaji kurudi shule kuanza upya. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hupokea watahiniwa wa kujitegemea, na aliyekwisha kufanya kidato cha nne anaweza kujisajili kwa masomo anayoyataka tu. Usajili huanza mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Wengi huamka Juni wakati usajili umeshafungwa, na mwaka mwingine unaondoka.

Chagua kituo chenye maabara, na uliza kabla ya kulipa: mazoezi ya vitendo tutafanya mara ngapi? Kituo kinachosita kujibu swali hilo kitakuacha peke yako siku ya mtihani.

Kuna onyo hapa. Wapo watu wanaosema, njoo na F yako, sisi tutakupenyeza. Mfumo wa udahili huyachukua matokeo moja kwa moja NECTA, hayaandikwi na mtu. Utakayemlipa atakula hela yako, au mbaya zaidi, utakaa darasani muhula mzima kisha uambiwe hutambuliki. Nimemwona mama akilia kwenye korido ya chuo kwa jambo hili, ameshauza ng'ombe.

## Hatua ya 3: Majina yafanane kila mahali

Ningeweza kuandika mwongozo mzima kwa hatua hii peke yake, hasa kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini.

Majina yetu hayaandikiki kwa namna moja. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika Mwakyoma, karani wa wilaya akaandika Mwakioma, NIDA wakachukua Mwakyoma lakini wakaweka jina la babu katikati. Kwako ni mtu yuleyule. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Kanuni ninayoitumia ni moja: jina lililoko kwenye matokeo ya kidato cha nne ndilo nguzo, mengine yaifuate nguzo. Sababu ni kwamba mfumo wa udahili unalichukua jina kutoka NECTA, na cheti chako cha uuguzi kitatoka na jina hilohilo, na leseni pia.

Weka nyaraka zako tatu juu ya meza: matokeo, cheti cha kuzaliwa, NIDA. Soma herufi moja moja, si jina zima. Angalia vifupisho pia. Herufi A yenye nukta mahali pamoja na Anyelwisye mahali pengine ni tofauti. Angalia na tarehe ya kuzaliwa.

Kama cheti cha kuzaliwa ndicho chenye kosa, nenda ofisi ya wilaya inayoshughulika na RITA uombe marekebisho. Kama ni NIDA, nenda ofisi yao ya wilaya. Kama tofauti ni ya kifupisho tu, hati ya kiapo iliyosainiwa na wakili au mahakama kwa kawaida hutosha, lakini itunze nakala yake maisha yako yote. Anza mambo haya Februari, si Julai. Foleni za Julai nazijua.

Umemaliza hatua hii pale mtu asiyekufahamu atakapozisoma nyaraka tatu na kusema bila kusita kwamba ni za mtu mmoja.

## Hatua ya 4: Chagua vyuo kwa kitabu

Fungua kitabu cha mwongozo. Kila chuo cha afya kina namba ya usajili inayoanza na REG/HAS, na mbele ya kozi utaona sifa, muda, idadi ya nafasi na ada. Chuo ambacho hakimo humo, hata kikiwa na bango kubwa Mafiati pale Mbeya au Miyomboni pale Iringa, usikiombe.

Kwa upande wetu huu, uuguzi una mizizi mirefu kwenye hospitali za misheni na za serikali. Iringa kuna Tosamaganga. Njombe kuna Ilembula, chuo cha Njombe mjini, na Bulongwa kule Makete. Rungwe kuna Tukuyu, kilomita 70 hivi kutoka Mbeya mjini ukishuka kuelekea Kyela. Ukivuka kwenda Ruvuma kuna Peramiho. Vipo vingine, vya binafsi na vya serikali. Angalia kitabu cha mwaka huu kama kozi unayoitaka inatolewa.

Kosa kubwa ni kujaza machaguo yote kwa vyuo vya mjini. Nafasi hushindaniwa. Mwenye B tatu na mwenye D tatu wakikiomba chuo kimoja chenye nafasi 50, unajua nani atatangulia. Kama una D, weka chuo kimoja cha ndoto yako, kisha vingine viwe vya mbali ambako wenzako wanaogopa baridi. Makete kuna baridi, ndiyo, lakini wagonjwa wapo na walimu wapo.

Nitasema ninavyoona: kwa uuguzi, chuo kidogo kilicho ubavuni mwa hospitali yenye wagonjwa wengi ni bora kuliko jengo la ghorofa lisilo na wodi karibu. Kabla ya kuchagua, piga simu uulize: wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na wodini wanakuwa wangapi kwa zamu? Mkizunguka kitanda kimoja watu 30, wa nyuma ataona migongo ya wenzake tu. Kutoboa mshipa hujifunzi kwa kuchungulia.

## Hatua ya 5: Omba kwa mkono wako mwenyewe

Maombi ya stashahada za afya kwa vyuo vya Tanzania Bara hupitia Mfumo wa Udahili wa Pamoja wa NACTVET. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka kwa wanaoanza masomo Septemba au Oktoba, na baada ya hapo mara nyingi kuna awamu nyingine ya kujaza nafasi zilizobaki.

Mimi nilipoteza mwaka mzima hapa. Nilienda kwenye steshenari, nikalipa, yule kaka akanijazia haraka haraka kwa barua pepe yake na namba yake ya simu kwa sababu mimi sikuwa na barua pepe. Aliniambia nikija kuulizia atanipa majibu. Nilipokuja, alikuwa amehama na duka limekuwa la kuuza simu. Nikabaki naendelea kumwagilia vitunguu vya baba, kumbe nilikuwa nimechaguliwa. Sikulala vizuri miezi mingi. Kwa hiyo hapa naomba unisikilize.

Kwenda steshenari si kosa. Wengi hatuna kompyuta. Kosa ni kuondoka bila funguo zako. Fanya hivi:

1. Tengeneza barua pepe yako siku moja kabla, kwenye simu yako au ya ndugu, na uandike neno la siri kwenye daftari.
2. Ukifika, kaa karibu na skrini. Andika mwenyewe barua pepe, namba ya simu na neno la siri la akaunti ya maombi.
3. Ingiza namba ya mtihani, kisha soma kwa sauti jina na alama zitakazotokea. Kama si zako, simama hapohapo.
4. Lipa ada ya maombi kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wenyewe. Usitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita afisa udahili.
5. Chagua vyuo kwa mpangilio ulioandika nyumbani. Usibadilishe kwa ushauri wa aliyeketi pembeni.
6. Kabla ya kutuma, soma ukurasa wote tena. Tuma, kisha chapisha nakala.
7. Toka kabisa kwenye akaunti. Halafu ingia upya kwa simu yako.

Hiyo namba 7 ndiyo kipimo. Ukiweza kuingia mwenyewe ukiwa nje ya duka na ukaona maombi yako yamepokelewa, umeomba. Usipoweza, rudi ndani, hujamaliza.

## Hatua ya 6: Majina yakitoka

Ingia kwenye akaunti yako kila siku chache, usisubiri ujumbe wa simu. Ukichaguliwa, pata fomu ya kujiunga kutoka tovuti ya chuo au chuoni penyewe, na uisome yote pamoja na mzazi. Hela zote ziende kwenye akaunti au namba ya malipo ya chuo iliyoandikwa kwenye fomu hiyo.

Usipochaguliwa, awamu inayofuata ni yako. Wengi hukata tamaa hapa na kuzima simu. Pakua orodha ya nafasi zilizobaki, ongeza vyuo vya mbali, omba tena.

## Hatua ya 7: Ada, mazao na mzigo wa kwenda nao

Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024 kupitia HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa kozi zilizotajwa tu. Usidhani kila kozi ya afya imo. Soma mwongozo wao wa mwaka unaoomba, tafuta jina la kozi yako neno kwa neno. Kama halimo, usiweke hesabu ya nyumbani juu ya mkopo.

Mzazi, ada hudaiwa Septemba au Oktoba, na mahindi huvunwa Juni na Julai wakati bei iko chini. Tenga magunia ya ada mapema, yakaushe vizuri, yauze taratibu. Ni bora kuliko kukopa kwa mtu wa mtaani mwezi Oktoba. Pia andika barua kwa chuo kuomba kulipa kwa awamu kabla ya kuripoti. Vyuo vingi hukubali, lakini husikiliza zaidi aliyetangulia kusema.

Ada si gharama yote. Kuna sare, bima ya afya, vitabu, chakula, mitihani, na nauli ya fildi, yaani mazoezi ya kazi, unapopelekwa hospitali nyingine. Jumlisha kabla.

Kwenye begi usisahau saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, maana utahesabu mapigo ya moyo na matone ya dripu kila siku. Viatu viwe vyeusi, vya kufunika vidole, soli laini. Wa Njombe na Makete, blanketi mbili nzito na sweta la rangi inayoruhusiwa na chuo. Juni ya kule haina huruma. Na uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini B kabla hujaanza kushika wagonjwa.

## Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza, hadi leseni

Masomo ni kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kuokota, anza sasa: soma kurasa mbili za kitabu cha Biolojia kila jioni ukiandika maneno mapya. Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza wengi wao hawakushindwa uuguzi, walishindwa kulielewa swali. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ifanye kwa wakati, usiiburuze.

Lenga GPA (wastani wa alama zako chuoni) ya 3.0 au zaidi tangu muhula wa kwanza, kwa sababu ndiyo vyuo vikuu hutazama kwa mwenye stashahada anayetaka digrii. Wakati huo utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET.

Ukimaliza chuo bado hujawa muuguzi kisheria. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayesajili na kutoa leseni ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kuna mtihani wake. Anza kukusanya nyaraka za usajili ungali chuoni, zikiwa na jina lilelile la Hatua ya 3.

Na wewe dada au kaka uliyesoma uuguzi hadi astashahada, unayefanya kazi kwenye zahanati ya kijijini ukidhani mlango umefungwa: kozi ya kujiendeleza kufika stashahada ipo, na hutarudia yote uliyosoma. Kabla ya kuomba, hakikisha leseni yako iko hai, cheti chako cha astashahada kiko mkononi, na kama umeajiriwa serikalini, ruhusa ya mwajiri imeandikwa na kusainiwa. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mganga mfawidhi haitoshi. Akihamishwa, unaweza kuambiwa ulikuwa mtoro kazini.